Kushoto kwa Dereva

Jumatano, tarehe 14. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu hadi saa nne, kisha jua hafifu.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia, na kwamba unatumia dawa kama daktari alivyosema, si kama jirani alivyosema. Sisi huku wazima. Kitinda mimba wako bado yuko kwangu, analala sebuleni. Plasta ya mkono itatolewa wiki ijayo. Anakula vizuri. Haongei sana.

Leo gari limekatwa. Ni lile la kupanda milima kwa kasi, nililokusimulia kwenye simu miaka hii mitatu. Lilikuwa moja tu, la majaribio. Mengine yangeundwa kwa kulifuata. Karakana nzima tuliliita Bi Harusi, maana lilifunikwa shuka kila alipopita mgeni. Mlinzi alikuwa haachi kutuuliza bwana harusi kapotelea wapi.

Wakubwa walitangaza wiki iliyopita kwamba halitaundwa. Walisema wanunuzi ni wachache, na baada ya ile ajali hakuna mwenye hamu ya kulitetea. Wakaja watu wawili na mashine ya kukatia vyuma, wakaanza na paa. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba ya kila kipande kilichotoka. Viko mia moja na kumi na sita. Fundi Mrefu, yule anayeshughulikia sehemu za chini ya gari, aliniuliza kama sisikii uchungu. Nikamwambia bado sijafika huko. Akasema nikifika nimsalimie.

Sasa, Mama, ile ajali. Ripoti inasema mdogo wangu, aliyekuwa dereva wa jaribio, aliingia kwenye mteremko kwa mwendo uliozidi. Nawe ulimwambia mwanao kuwa sikio la kufa halisikii dawa, kwamba sifa zimemponza, na asikanyage kwako mpaka akubali kosa. Amekataa kukubali, ukamwita mwenye kiburi. Huu mwezi wa pili.

Siku moja kabla ya jaribio, mimi ndiye niliyelikagua gari. Niliona ufa mwembamba kama unywele kwenye mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu la mbele. Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, uso kwa uso nalo, nikaandika kwenye fomu: kushoto. Kwenye karakana kushoto ni kushoto kwa dereva aliyeketi. Hata mfagiaji anajua. Kushoto kwangu mimi niliyesimama kulikuwa kulia kwake. Fundi Mrefu alibadilisha mkono wa kushoto kama fomu ilivyoagiza. Alishangaa kidogo kutouona ufa, lakini akasema macho yangu hayajawahi kukosea. Kesho yake mkono wa kulia ukakatika mteremkoni. Kamati ya uchunguzi ikasema ulivunjika gari lilipopinduka.

Nilijua siku ya tatu, niliposoma shajara yangu. Humo nilikuwa nimeandika: ufa, upande wa dirishani. Dirisha la karakana liko kulia kwa dereva. Nikaifunga, nikaenda kazini. Kamati iliponiuliza, nilisema fomu iko sahihi.

Leo mchana nilimwambia Mhandisi Mkuu. Akajibu kwamba jalada limefungwa, na chuma chenyewe kimeshapanda lori. Nikarudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu. Akasema haoni ajabu, kwani hata nilipokuwa nikimvalisha viatu utotoni nilimvalisha kinyume. Akauliza kama Mama anajua. Nikasema hajui. Akasema hao wengine basi, ila Mama ajue.

Ndiyo hivyo. Hakukosea yeye. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningesema wazima, nikaishia hapo. Ukishasoma, mpigie yeye kwanza. Mimi nitasubiri zamu yangu.

Mpe mama mdogo salamu zangu, na goti ulitunze.

Mimi mwanao,
Kifungua mimba wako

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana nililala saa mbili kasoro robo usiku, mapema kuliko siku zote tangu ile ajali.