Kamongo wa Baba Mkwe

Caro, acha chochote unachofanya usome hii. Kwa Benedeta kumemwagika damu!

Unakumbuka wale samaki wake wekundu wa kwenye tangi la kioo, wale aliowapa majina kama watoto? Kwisha.

Baba mkwe wake, Mzee Matayo, ametoka Masafu na kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, kwenye gunia, mzima, meno yote kinywani, zawadi ya mwanawe Nathan. Nathan hayuko. Mzee kuona maji, akammimina mle mle kwenye tangi asife!

Benedeta amesimama mlango wa jikoni. Si unajua mila ya kwao, mke wa mwana hamsogelei baba mkwe wala hampazii sauti. Kamongo akamkata wa kwanza vipande viwili. Wa pili akamrarua tumbo. Benedeta analilia ukuta: "Jamani, kuna mtu ameniletea muuaji nyumbani!"

Mzee kusikia, akatia mkono amtoe. Mkono, Caro! Kamongo akamng'ata kidole gumba, akagoma kuachia.

Hapo Benedeta akasahau mila yote. Akamkamata baba mkwe mkono, MKONO, akamtwanga kamongo kwa mwiko mpaka akaachia na kioo kikapasuka. Maji na damu sebule nzima.

Majirani tumejaa mlangoni, na wao bado wameshikana. Benedeta akashtuka, akataka kukimbia.

Mzee akamwambia, "Mama, usiachie. Damu bado inatoka."