Watoto Tisa wa Mstari wa Nyuma

Mtoto wa kwanza kulia alikuwa wa mama mmoja mshonaji, wa pili akadakia, na mimi kabla sijafika hata kwenye pazia walishakuwa tisa, mama mshauri, tisa wote kwa pamoja, mstari mmoja, na picha yenyewe ilikuwa imefika pale pa huzuni ambapo baba anamuaga mwanawe, hakuna muziki hakuna nini, ukumbi mzima kimya watu wanafuta machozi, hapo nikajua nimekwisha, na ndiyo maana nakuandikia, naomba unisaidie kabla Jumamosi nyingine haijafika.

Mimi kazi yangu ni tochi. Nafanya kwenye jumba la sinema, nasimama mlangoni nachana tiketi halafu namulikia mtu kiti chake, maneno yangu ni mawili tu kwa siku, karibu na huku. Shule niliishia darasa la nne kwa hiyo unisamehe mwandiko. Hata zile herufi za kwenye tiketi nilifundishwa na shangazi wa tiketi, si shangazi yangu wa damu, ni yule mama anayekaa dirishani kuuza, wote tunamwita hivyo, na hii kazi yeye ndiye aliyeniombea.

Pale mlangoni kuna tangazo limeandikwa na meneja, watoto chini ya miaka mitano hawaingii. Na wa kuwazuia ni mimi, si mtu mwingine, maana shangazi dirisha lake liko juu, yeye anaona uso wa mtu tu, aliyebeba na asiyebeba wote kwake ni vichwa.

Sasa nina dada yangu aliyenilea tangu mama alipofariki. Amejifungua, mtoto ana miezi saba, na shemeji ni dereva wa lori, anaondoka wiki mbili anarudi siku mbili. Dada alikuwa anacheka sana zamani, mama mshauri, akicheka jirani anagonga ukuta. Baada ya kujifungua akawa anakaa tu kitandani na mtoto, ukimuuliza kitu anajibu kile cha jana. Basi Jumamosi moja nikamwambia njoo saa nane mchana, nikamwingiza na mtoto wake, nikamweka mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango, ili akilia watoke haraka.

Mtoto hakulia. Alilala tangu mwanzo mpaka mwisho. Na kwenye picha kuna mtu alikuwa anafukuzwa na bata, dada yangu akacheka mpaka akashika kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nimesimama gizani, nikazima tochi nisionekane.

Nikawa najiuliza kwa nini hakulia, maana mimi nikikosa la kusema huwa naangalia. Nikagundua ni mashine. Mstari wa nyuma uko chini ya kile kidirisha ambacho mashine ya picha inapitishia mwanga, na mashine yetu ni ya zamani, inanguruma polepole na ukuta wote unatetemeka kidogo, mtoto akiwekwa pale anasikia kama yuko kifuani kwa mtu, hata bunduki zikilia kule mbele haamki. Jumamosi iliyofuata dada akaja na mwenzake, yule mshonaji. Halafu wakawa wanne. Nikawa naambiwa mlangoni kwa sauti ndogo, "Kaka wa tochi, mimi nimeelekezwa." Nikajaribu kumzuia mmoja, nikamwambia mama, leo picha ni ya mabunduki. Akanijibu, "Baba yake anakoroma kuliko bunduki, huyu ameshazoea." Nikashindwa, nikamulika kiti.

Wakafika tisa. Miezi mitatu mizima hakuna aliyejua isipokuwa mimi na wao. Fundi wa mashine yuko juu peke yake, anaangalia mbele, chini yake haoni.

Basi Jumamosi hiyo ninayokuambia, fundi kashuka ngazi anatabasamu, ananiambia mdogo wangu leo tumeletewa mashine mpya, njoo uione. Ni nyeupe, ndogo, imenyamaza kama kabati. Nikamwambia hongera. Mama mshauri, nikamwambia hongera na sikuwaza kitu chochote! Mimi ninayejiona naangalia! Nimewapanga wale watoto vizuri kama kawaida chini ya kidirisha, picha ikaanza kwa kelele, wakatulia, nikarudi zangu nje mlangoni. Ilipofika pale pa kumuaga mtoto, kimya, hakuna ngurumo ya kuwabeba, ndipo wa mshonaji akafumbua macho.

Watu walipiga kelele, mmoja anasema, "Mpe nyonyo!" mwingine anasema, "Jamani hii sinema au wodi?" Kuna mwalimu mstaafu anakaa mstari wa nne kila Jumamosi na fimbo yake, akasimama akasema, "Naomba picha irudishwe nyuma, sijasikia baba amesema nini!" Mama mmoja kule nyuma akamjibu, "Kasema kwaheri, mwalimu, kaa." Watu wakacheka lakini mwalimu hakucheka. Aliponipita anatoka aliniambia polepole, "Kijana, nyumbani nina wajukuu sita. Hapa ndipo mahali pekee ninaposikia mtu anamaliza sentensi." Hilo neno limenikaa.

Meneja akawasha taa. Akawaona wote tisa wamepangana, wengine wananyonyesha, akauliza nani kawaingiza hawa. Hakuna mama hata mmoja aliyenitaja, dada aliniangalia akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu. Ndipo meneja akamgeukia shangazi wa tiketi, maana siku tangazo linabandikwa yeye ndiye aliyesema mbele ya watu wote kwamba ni la roho mbaya. Akamwambia, "Ni wewe. Mdomo ni uleule."

Shangazi akasema, "Meneja, dirisha langu linaishia hapa shingoni. Mtoto sijamwona, na hata suruali yako sijawahi kuiona mwaka wa sita huu."

Watu wakacheka tena na hilo ndilo likamuudhi zaidi meneja. Akamwambia Jumamosi ijayo kama hujanitajia aliyewaingiza, unaacha funguo na kazi. Nikafungua mdomo, nakuapia niliufungua, meneja akaniona akasema, "Wewe kazime taa, wewe najua huwezi, wewe hata nzi humfukuzi." Nikaenda nikazima taa.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, ni kosa mzazi kuleta mtoto mchanga sinema au si kosa, maana nikimfikiria dada naona si kosa na nikimfikiria mwalimu naona ni kosa, na wote wawili walilipa kiti. La pili, mtu ambaye maneno hayamtoki anasemaje kwa meneja. Nikisema nitafukuzwa na nyumbani kwetu mshahara wa kila mwezi ni wangu, wa shemeji unategemea lori. Nisiposema anafukuzwa aliyenifundisha kusoma. Mpaka leo hajaniuliza, ananisalimia tu kama kawaida, sijui kama anajua.

Naomba ukiisoma barua hii hewani usitaje sinema wala mimi, maana shangazi ana redio yake ndogo pale dirishani na kipindi chako hakimpiti, kila Ijumaa saa tatu anapofuta kioo anakusikiliza wewe.

Nilikuwa na mengine lakini lazima niondoke, shangazi ananiita hapo chini, anataka boksi tupu la kuwekea redio yake na ule mto wake wa kukalia, ameanza kukusanya vitu, na anayejua maboksi yanapowekwa ni mimi peke yangu.

Mimi, wa tochi.

JIBU

Wa tochi, mwanangu, nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza nilicheka mpaka mtangazaji mwenzangu akachungulia, mara ya pili sikucheka.

Nianze na lako la kwanza kwa sababu ndilo rahisi. Mtoto mchanga hana kosa popote, hata akilia msikitini au kanisani. Hakununua tiketi, hakuchagua picha, na mabunduki hayo masikio yake hayakuyaomba. Lakini mwalimu naye hana kosa. Mtu aliyelipa akae kimya gizani saa mbili amelipia kimya hicho, na wewe ulimpangia watoto tisa ndani ya kimya hichohicho. Kwa hiyo wazazi mnaonisikiliza: picha ya watu wote si mahali pa mtoto wa miezi saba, na kama umekuja naye basi unakaa ukingoni na unatoka kwenye mlio wa kwanza, si wa tatu, na usimjibu mwalimu wa watu "kaa". Baba mtu akiwa nyumbani amshike mtoto saa mbili, hatavunjika mikono. Baba akiwa safarini, jirani anayegonga ukuta na agonge mlango safari hii, aseme nipe huyo mtoto, nenda kacheke.

Na dada yako, mpeleke pia kwa mhudumu wa kliniki anapopimisha mtoto, amweleze hayo ya kukaa kitandani na kujibu ya jana. Bata amesaidia, lakini bata si daktari.

Sasa wewe. Unasema maneno hayakutoki. Umeniandikia kurasa nne! Umenieleza ukuta unavyotetemeka, umenieleza mwalimu alivyonong'ona. Maneno unayo tele, ila umezoea watu wakudhanie huna, na siku hiyo dhana yao ikakufaa. Meneja alikudharau, na ukajificha ndani ya dharau yake kama mtu aliyekuta mwavuli. Huo si woga tu, hiyo ni faida uliyoipata kwa mgongo wa mama wa watu. Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye walikuona wewe: ulimwogopa mama mmoja mlangoni, ukapata tisa ukumbini, na sasa unayetaka kulia ni wewe.

Tena usinifanye mtoto mdogo. Unaniambia nisitaje, halafu unanieleza kwamba shangazi ana redio, iko dirishani, na saa yenyewe ni saa tatu siku ya Ijumaa. Mwanangu, ulitaka nimwambie mimi. Haya, nimemwambia. Leo ni Ijumaa, saa tatu na dakika kumi, na kuna mama mmoja mahali fulani amesimama na kitambaa mkononi, kioo hakijafutwa.

Mama, kama ni wewe, shikamoo. Nadhani ulijua tangu mwanzo. Mtu anayemjua kijana mpaka akamfundisha herufi hawezi kukosa kujua nani alichana tiketi tisa. Ulinyamaza ili aseme mwenyewe. Basi akija mbele yako usimkatize, hata akikawia kwenye neno la kwanza.

Nawe, wa tochi, fanya hivi. Usiende kwa meneja na samahani peke yake, samahani haijazi viti. Kwanza mwambie, "Ni mimi." Hayo ni maneno mawili, na mawili kwa siku umesema unayaweza. Kisha mwambie hili, ambalo fundi wala meneja hawalijui: kuna wanawake tisa katika mtaa wenu waliokuja na kulipa tiketi ndani ya miezi mitatu kwa kuambizana tu, bila tangazo. Mwombe siku moja katika wiki, asubuhi, wakati ukumbi ni mtupu: sauti ishushwe, taa za pembeni ziachwe zikiwaka kidogo, picha iwe ya kuchekesha, na anayeingia ajue kabisa kwamba humo mna watoto. Siku nyingine zote tangazo libaki, na wewe ulisimamie bila kupepesa. Mwalimu apewe tiketi ya bure, arudi asikie huyo baba alisema nini. Na fundi mwulizeni ile mashine ya zamani imewekwa wapi. Si lazima ionyeshe picha. Iwekwe tu nyuma ya ukuta, ingurume.

Anaweza kukufukuza. Siwezi kukudanganya kwamba hatakufukuza. Ila bora upokonywe tochi kuliko kummulikia mtu kiti kila siku huku wewe mwenyewe unakwepa dirisha la tiketi.

Nina barua nyingine tatu hapa lakini zitasubiri. Naweka wimbo, na nimechagua mrefu makusudi. Ukiisha, uwe umeshagonga mlango wa meneja. Na lile boksi, kabla hujagonga, lirudishe ulikolitoa.