Muti ya Madame Haipendi Mvua

Jumamosi, 2 Mei 1953

Mutoto iko na siku tatu. Binti! Analala ngumi zimefungwa kama muntu mwenye kesi. Mvua ikapiga mabati, Rukara akakimbia inje. Nikawaza: bwana yangu anaenda kuniletea kuni. Hapana — anafunika muti ya Madame.

Obepini, njo jina ya ile muti. Madame aliileta kutoka kwao kwa Bazungu, inchi ya muchanga na pori kavu. Huko, anasema, inaota bila kuombwa. Hapa Nyamitaba mvua haipumziki! Basi Rukara, mulinzi wa bustani yake, alibeba vikapu makumi mbili ya muchanga toka mutoni, akaijengea na paa ya nyasi. Muti yenyewe inafika kwenye goti. Miiba tu. Mama mukwe anasema: muti iko na nyumba, na jiko yangu inavuja.

Lakini Madame alisema wazi mbele ya kwenda likizo: nikiikuta muzima, mutabaki mu nyumba hii. Ikikufa, murudi kilimani.

Jumanne, 5 Mei

Obepini imeangusha majani yote sita. Rukara hakula. Nikamusomea tena karatasi Madame alituachia (niliishia mwaka wa tatu kwa bamasere, batawa ba misioni, lakini nasoma): majani ikianguka musiogope, inalala tu.

— Mimi pia nalala, akasema, lakini nywele haianguki!

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya munane, siku ya jina. Kwetu batoto ya majirani njo banaanza sherehe, si bakubwa: banapewa majembe, banalima kidogo, halafu tunabarushia maji, tunapiga kelele «Mvua!», banakimbia kula. Mama mukwe akabaambia batafute udongo laini. Udongo laini! Sisi tuko nayo fasi moja tu — ile ya muchanga.

Maji ikaruka, batoto bakakimbia, bakacheka. Kayitesi wa jirani, miaka ine, akafika wa mwisho, analia, vidole damu. Hakupata jembe, akajitafutia. Alishika obepini, mizizi juu.

— Mama, jembe hii inauma!

Nikamuosha vidole na maji ya chumvi. Si kosa yake, masikini.

Rukara alipashwa kutamka jina ya mutoto mbele ya bote. Alisema tu: Yesu wangu!

Mama mukwe: hapana, huyu iko binti.

Ijumaa, 8 Mei

Jina: Euphrasie. Nzuri!

Obepini tumeirudisha mu muchanga. Muzizi moja tu ulibaki. Rukara aliifunga kwenye fimbo na kitambaa cha mutoto. Anataka tumuambie Madame: iko inalala. Nikakataa. Nimekwisha kubeba mutoto, siwezi kubeba na uongo.

Akanuna mpaka jioni. Halafu: basi wewe njo utasema, wewe njo ulisoma.

Jumapili, 10 Mei

Madame amefika! Hata kofia hajavua: obepini yangu iko wapi? Rukara akaniangalia. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu misa. Nikamupatia mutoto.

Sasa Madame iko naye kwenye baraza, kikombe cha tatu ya chai. Kila akitaka kusimama, Euphrasie anakunja uso, na Madame anakaa tena. Mama mukwe akikohoa, Madame anamuonyesha kidole: shhh! Rukara anatembea kama mwizi wa kuku. Amenifuata mara mbili hapa jikoni. Umesema? Bado.

Naandika juu ya gunia ya viazi. Maneno nimeyapanga upya: Madame, iling'olewa. Tuliipanda tena. Hatujui kama itapona.

Maziwa inanitoka, blauzi yote imelowa. Mutoto ameanza kutafuta titi kwenye shati ya Madame. Madame anaita jina yangu, polepole, na anacheka.

Naenda.