Baka Lisilowasha

Jumatatu, 4 Machi

Watu wachache leo. Nimewasomea fomu ya ridhaa, nimebandika lebo kwenye vioo vya vipimo, nimeingiza taarifa kwenye kompyuta. Utafiti wetu wa ngozi unataka watu wa aina mbili: wenye mabaka, na wenye ngozi safi ili Daktari alinganishe. Wenye mabaka wanakuja kwa kujificha. Wenye ngozi safi hawaji kabisa. Nani anataka kuonekana akiingia mlango ulioandikwa ‘ukoma’, hata kama neno lenyewe limeandikwa kwa herufi ndogo?

Sista anabana nyama laini ya chini ya sikio mpaka damu ikimbie, anachanja kidogo kwa wembe, anakwangua majimaji, anapaka kwenye kioo. Hapo nimeshazoea. Sijazoea kipimo cha pamba. Mtu anafumba macho, Sista anamgusa hapa na pale kwa ncha ya pamba, naye anaonyesha kwa kidole alipoguswa; baka la ukoma halihisi. Mimi huangalia karatasi zangu.

Nimevaa mikono mirefu tena. Na joto hili! Baka langu liko juu kidogo ya kiwiko cha kushoto, limepauka, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Haliwashi. Laiti lingewasha!

Jumatano, 6 Machi

Amekuja mwashi mmoja, sote tunamwita Fundi. Vidole viwili vimeungua na hajui viliunguzwa na nini. Anacheka tu. Eti aliambiwa ni fangasi, akapaka kila dawa ya kupaka, mpaka mke wake akalalamika kwamba analala na duka la dawa. Sista akamuuliza baka la kwanza lilitokea lini. Akasema binti yake wa mwisho alikuwa hajaanza shule. Sasa ameolewa.

– Ungekuja mapema, baba, vidole vyako vingeujua moto.

Sista alisema polepole, bila kumlaumu. Mimi ndiye niliyetoka jasho.

Dawa ipo, ni ya kumeza, na ugonjwa unapona. Hayo nawasomea watu kila siku. Nayajua bila kutazama karatasi. Hayajanisaidia chochote.

Fundi alipouona wembe akanigeukia mimi.

– Binti, wewe ulishachanjwa?

Nikasema bado.

– Basi tangulia, nikuone unavyokunja uso.

Watu wakacheka. Daktari naye akalidaka: kweli kabisa, ngozi safi ndizo tunazozikosa, karani wetu awe mfano! Akanivutia kiti. Sista akachukua glavu. Wote wananitazama.

Nikasema kichwa kinaniuma.

Kichwa! Kama mtoto anayekwepa shule. Fundi akaacha kucheka, akavaa shati lake kifungo kwa kifungo. Akasema mimi mwenyewe naogopa, halafu namsomea yeye asiogope. Akaondoka. Nilikuwa nimetoka kumwambia kwamba yuko huru kujitoa wakati wowote bila kueleza sababu. Sababu ilikuwa imekaa mezani, imeshika kalamu.

Daktari amenuna. Sista amesema Fundi atapewa dawa hata asiposhiriki utafiti, yeye mwenyewe atamfuata kwake. Kisha akanitazama.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejipima chooni, kazini. Pamba kidogo tu. Nadhani nimehisi. Lakini nilikuwa natazama! Nikafumba macho – mkono wa kulia ukawa unajua unakokwenda. Haiwezekani kujishtukiza mwenyewe. Inabidi awe mtu mwingine.

Nani?

Jumamosi, 9 Machi

Niko nyumbani. Dada amefua tangu asubuhi, mtoto kamng'ang'ania mguuni. Tunamwita Kibonge, na jina limemkaa. Dada akaniita:

– Mama mdogo, mpokee mwanao, mimi mkono umekufa ganzi.

Nilishtuka hadi akaniuliza kulikoni. Nikampokea Kibonge kwa mkono wa kulia. Mzito, ana harufu ya sabuni, analazimisha kuhamia kushoto alikozoea. Dada akacheka:

– Siku hizi unamshika kama yai. Umeanza maringo?

Dada akiwa zamu ya usiku, Kibonge hulala kwangu. Kichwa chake juu ya mkono huohuo wa kushoto. Miezi yote hii. Mimi naweza kuwa na baka, sawa. Yeye je? Nimemkagua leo nikimwogesha, nyuma ya masikio, mgongoni, katikati ya makunjo ya mapaja. Sijaona kitu. Lakini mimi ni karani, najua nini?

Jumatatu, 11 Machi

Fundi hajarudi.

Wenzangu walipotoka kwenda kunywa chai Sista alinizuia. Akafunga mlango, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa kana kwamba mgonjwa ni yeye.

– Mwanangu, wiki ya tatu hii mikono mirefu. Ama una mchumba anayeng'ata, ama una jambo.

Siku nyingine ningecheka. Nilikunja mkono wa shati.

Hakusogea nyuma. Hilo nililiangalia kwanza. Hakusogea.

Akanisomea fomu, neno kwa neno, yale maneno yangu yote, na sikumkatiza. Niko huru kujitoa. Nikasaini. Akaniambia nifumbe macho. Kifundo cha mkono – nikaonyesha. Shingo – nikaonyesha. Kiganja, hata kabla hajaondoa pamba! Nilijiona hodari. Kisha kimya. Feni inazunguka. Mtu anaburuta ndoo kwenye korido. Nikangoja, nikangoja, mwisho nikasema:

– Endelea, Sista.

Nikafumbua macho. Ncha ya pamba ilikuwa katikati ya baka, imepinda kwa kubonyezwa.

Akanichanja masikio. Yaliuma. Sijawahi kushukuru maumivu hivi. Nilitaka kubandika lebo mwenyewe, akanipokonya: leo mimi si karani.

Alisema majibu ya vioo yatachukua siku kadhaa, lakini kwa baka lisilohisi hana haja ya kusubiri. Kesho Daktari ataniona na dawa nitaanza. Nikishaanza simwambukizi mtu. Na watu wengi wanaishi na mgonjwa na hawaupati. Yote haya nayajua! Leo niliyasikia kama mara ya kwanza. Kisha akasema wa nyumbani waje wakaguliwe, mtoto kwanza. Nisimwambie dada kwa simu. Nimwambie uso kwa uso, tena leo.

Jioni, siku hiyohiyo

Njiani nilipanga sentensi. Nzuri, zenye mpangilio. Nimefika, dada yuko mlangoni na sare ya kazini, zamu imembana, Kibonge kiunoni, mkoba begani. Nikasema nabadilisha nguo kwanza. Niko chumbani. Nimetia komeo. Naandika ili mikono ipate kazi.

Anagonga. Kibonge naye anapiga mlango kwa kiganja, anadhani ni mchezo.

– Mama mdogo! Mpokee mwanao, gari litaniacha!

Nimesema nakuja. Sijainuka.

Anagonga tena, safari hii taratibu, kwa kidole kimoja. Anauliza nalia nini. Sikujua kama nasikika. Anauliza nani kanifanya nini, nimtaje tu amfuate.

Nimemwambia asiende kazini.

Kibonge ameacha kupiga mlango.

Sasa nasikia mkoba ukiwekwa sakafuni.