Jina Jipya la Waifai

Nimewahi zamu, sikutaka kuwaamsha. Waifai itawakatalia asubuhi hii. Msiipigepige ruta, haijaharibika. Nimebadilisha nenosiri. Jipya nimelibandika ndani ya kabati la vikombe. Kwenye aina ya ulinzi wa mtandao nimechagua ule mpya pamoja na wa zamani, ili kile kisimu chako cha kizamani, Baba watoto, kisiachwe nje.

Sababu ni hii. Alfajiri nilifungua mipangilio nione nani anatumalizia bando, maana jirani mmeshamsingizia vya kutosha. Nikakuta simu isiyo ya humu ndani. Jina lake "Kichwa Ngumu". Baba watoto, jina hilo ulimpa wewe, na mwanao bado analitumia. Siku mliyogombana aliapa hapa hakanyagi tena, kumbe huja kusimama nyuma ya dirisha la jikoni. Mtandao wetu haufiki mbali zaidi ya hapo.

~~Nimemfungia. Akitaka intaneti akanunue yake.~~

Kumfungia nimemfungia, sikatai. Ila nimebadilisha na jina la mtandao, lile ambalo mtu huliona kwenye simu hata kama hana nenosiri. Sasa linasomeka "Gonga Mlango Mwanangu". Asiliguse mtu.

Chakula kiko jikoni, kipasheni moto. Mbakizieni.

Baba watoto, akigonga ufungue wewe, si watoto. Usimuulize alikuwa wapi, tunajua. Nenosiri mpe akishakaa mezani.

Mama