Flopi ya Koku

Kituntu, Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, na ukungu umekataa kuondoka juu ya migomba.

Leo nimeharibu kitu ambacho hakuna fundi atakayekirudisha.

Dada yangu Koku alifariki akiwa na miaka minne, kabla sijazaliwa. Hakuwahi kupigwa picha. Miaka mingi baadaye Tata, baba yetu, aliyekuwa mwalimu, alipewa kompyuta kuukuu iliyoondolewa shuleni. Akakaa nayo siku nyingi akiandika kila alichokumbuka juu ya mtoto huyo: alivyocheka, alivyoogopa mbuzi, hata maneno aliyoyatamka kombo. Akayahifadhi kwenye flopi, zile diski bapa za zamani. Alimwambia Mama, "Nimemwandika. Hatapotea."

Mama hakutaka kusomewa. Alisema kidonda bado kibichi.

Tata tulimzika mwaka jana. Wiki hii Mama akanipigia simu, akaniomba nije nimsomee, sasa yuko tayari.

Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda changu Kayanga. Nilikuja nikijiamini mno.

Mashine iliwaka, nikashangaa. Kopo alimozitunza Tata lilikuwa na flopi mbili: moja ya mitihani, nyingine ina jina la Koku kwa mwandiko wa Tata. Nikaanza na ya mitihani, niijaribu mashine kwanza. Haikusomeka. Nikaitoa, nikaingiza ya Koku. Draivu, kile kifaa cha kusomea flopi, ikakwaruza kama kucha kwenye bati. Jina la faili likatokea kwenye kioo, moyo ukaniruka, lakini faili likagoma kufunguka. Nikajaribu tena. Na tena. Mara tano.

Hapo ndipo nilipofungua kifuniko cha ile ya mitihani. Imejaa kuvu jeupe. Kuvu hilo lilikuwa limeganda kwenye kichwa cha kusomea ndani ya draivu, na kichwa hicho kichafu kikaichuna flopi ya Koku kila nilipojaribu. Nilikisafisha kwa pamba na spiriti, lakini nilikuwa nimechelewa. Mkwaruzo umezunguka flopi nzima, unaonekana hata bila miwani.

Kukagua kuvu kwanza: nawaambia wateja wangu kila mara.

Mama alikuwa ameketi nyuma yangu muda wote, amevaa kitenge chake cha kanisani kama anayesubiri mgeni. Nilimwambia haisomeki. Akauliza kama ni unyevu wa nyumba. Nikasema ndiyo, ni unyevu. Akanishika bega, akanipa pole kwa kuhangaika.

Kisha akasema taratibu, "Nilitaka neno moja tu, mwanangu. Koku hakuniita Mama kama ninyi. Alikuwa na jina lake la kuniita. Nimelisahau."

Aliyelijua jina hilo ni Tata, na alikuwa ameliacha mahali salama mpaka saa nne asubuhi ya leo.

Sasa namsikia jikoni akimenya ndizi. Ameniwekea senene, wale panzi watamu wa kukaanga, aliowatunza tangu msimu uliopita, kwa kuwa nimechoka kwa ajili yake. Anaamini ni unyevu.

Ningeweza kumwacha aamini hivyo. Nani angejua?

Kesho tunakwenda ibadani pamoja, kwa miguu. Nitamwambia njiani, kabla hatujafika kanisani.