Chumba ni cha Mfanyakazi

Baba mudogo mpendwa,

Hilo neno "mpendwa" nimeliweka kwa sababu mama alinifundisha kwamba barua huanza hivyo. Usilitie moyoni.

Juma lililopita tumemaliza matanga yako. Ulililiwa vizuri, hilo sikunyimi. Watu walitoka Musienene, wakatoka Vuhovi, wengine walivuka vizuizi vya waasi na kuwapa wale vijana wenye bunduki walichokuwa nacho, ili tu waje wakae kwenye majani ya ndizi na kusema ulikuwa mtu mwema. Katekista alisimama akasema ulikuwa mtu wa sheria. Vichwa vikatikisika. Kisha akanigeukia: "Mama Kavira, wewe ulikaa naye kule kwenye kambi ya kahawa. Useme kidogo juu ya baba yako." Nikasema koo linaniuma. Koo lilikuwa zima kabisa. Ila niliyokuwa nayo kooni yasingefaa kusemwa mbele ya watu wanaokula, basi nayasema hapa, na anayetaka kusoma asome.

Nianze na mazuri, maana yalikuwapo. Siku za soko la Musienene ulinibeba mabegani kutoka Vuhovi, na nilipochoka kukaa ulinipa muwa ili ninyamaze. Ulinifundisha kununua maharagwe: usiangalie ya juu, ingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, uchote ya chini, kwa sababu wauzaji huyaficha mabovu huko. Baba yangu alipokufa ulikuja ukaniweka kati ya magoti yako mbele ya ukoo mzima ukasema, "Huyu sasa ni mutoto yangu." Nilikupenda sana. Nadhani nilikupenda kuliko nilivyompenda baba mwenyewe, ambaye alikuwa mkali.

Kwa hiyo nilipoolewa na Kambale, na lile shamba la ukoo la Vuhovi likawa kitambaa kidogo kinachovutwa na watu wengi, tukasikia wewe umekuwa kapita kwenye kahawa ya patron, yule tajiri wa Butembo, upande wa Kalunguta, unasimamia watu wote wanaoshuka milimani wakati wa kuchuma. Hatukuuliza swali hata moja. Tulifunga blanketi, jembe na sufuria, tukawaambia watu tunaenda kwa baba.

Ukatupa chumba katika lile jengo refu la matofali, chumba kimoja kama walivyopewa wenzetu, mlango mmoja, dirisha hakuna. Sikulalamika. Nilidhani unatutendea kama wengine ili watu wasiseme unapendelea ndugu. Ona jinsi nilivyokuwa nikikutafutia sababu.

Kila Jumatatu asubuhi ulipanda juu ya kreti ya bia, kalamu imesimama kwenye mfuko wa shati, kalamu ambayo sikuwahi kuiona ikiandika, ukatutajia sheria za kambi. Taa zizimwe mapema. Mgeni asilale kambini. Kuku marufuku. Matawi ya mibuni yaliyokatwa ni ya patron, mtu asiyapikie. Paa likivuja, sogeza kitanda. Kisha ukakohoa, ukaileta ile uliyoipenda kuliko zote: "Chumba ni ya mutumikaji. Mutumikaji akiondoka, chumba inaondoka naye." Uliitoa taratibu, ukitamani tupige magoti.

Mama Katungu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuuliza siku moja: "Bon, kapita, sheria tumesikia. Na haki yetu, iko wapi?"

Ukamjibu: "Haki yenu ni kazi. Kuko batu mingi kule Vuhovi banaitafuta."

Wanaume wakacheka, kila mmoja akihakikisha umemwona akicheka. Nami nilicheka. Lakini gari la patron lilipofika kutoka Butembo nilikutazama vizuri zaidi. Ulikuwa ukifungua geti, halafu ukakimbia kinyumenyume mbele ya gari, kofia mkononi, ukilionyesha njia ambayo dereva aliijua kuliko wewe. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Siku hiyo niliona aibu kwa niaba yako, nikajilaumu kwa kuiona.

Halafu vita ya kwanza ikatufikia. Wanajeshi wa serikali ya zamani walikuwa wakikimbia kuelekea Beni, wakibeba walichopora, na walipochoka kubeba walitafuta migongo ya wengine. Asubuhi moja waliingia katikati ya mistari ya kahawa, vikapu vyetu vikiwa nusu. "Yo, yaka! Mema!" Wewe, njoo, beba! Kila mwanaume aliyeonyeshwa kidole akabebeshwa mzigo. Kambale walimpa cherehani ya mtu, wakaiweka kichwani kwake. Alipofika barabarani aligeuka akaniita, "Kavira! Ungoje hapa! Usitoke hapa!" Wakampiga kwa kitako cha bunduki kwa sababu ya maneno hayo, na akaenda.

Wewe ulikuwa ndani ya depo, nyuma ya magunia. Ulitoka jioni, vumbi la kahawa kwenye nyusi, ukatuambia ulikuwa unalinda mali ya patron. Hakuna aliyekuuliza.

Siku chache baadaye ulikuja mlangoni kwangu ukiegemea baiskeli yako. Sijasahau hata neno moja.

"Kavira, mutoto yangu. Bwana yako haiko kazini."

"Balimukamata, baba. Ulijua."

"Najua. Mais sheria hapana uliza sababu. Patron anataka chumba, anatuma bachumaji bengine."

"Akirudi atanipata wapi?"

"Hiyo si mambo ya kambi."

Ulijua kwamba Vuhovi watu walikuwa wamekimbilia vichakani, hakuna mlango uliokuwa wazi. Ulijua barabara ilikuwa imejaa hao hao wanajeshi. Ulijua Mama Katungu angenipokea, lakini mgeni halali kambini, na sheria hiyo ni yako pia. Zaidi ya yote ulijua Kambale aliniachia mahali pamoja tu pa kunitafutia duniani, na ni pale, kwenye mlango wa kile chumba kisicho na dirisha. Nikitoka hapo, basi amenipoteza.

Mama Katungu ndiye aliyeliona jiko langu. Kwetu milimani mtu haondolewi chungu chake kikiwa motoni. Hata mgomvi wako unamngoja aivishe, ale, ndipo mwendelee na ugomvi wenu. Wewe mwenyewe ulinisimulia jinsi bibi yako alivyomkatalia mtoza kodi kwa chungu cha viazi. Nilikuwa nimebandika maharagwe asubuhi ile. Mama Katungu akasimama mlangoni, mikono kiunoni: "Kapita, mutoto ana chungu motoni."

Ukatazama chungu, ukatazama wanawake waliokuwa wamekusanyika, ukasema utarudi yakiiva.

Basi hayakuiva. Yakianza kulainika, mwanamke mmoja alileta kikombe cha maharagwe makavu akamimina, mwingine akaongeza maji, mwingine kuni, tena kuni za mibuni ya patron, nakuambia sasa. Watoto wa kambi nzima walikula kutoka chungu kile na hakikutoka motoni. Kila asubuhi ulifika, ukanusa hewa, ukauliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado, baba. Ni ya Musienene, inakawia." Wanawake wakageukia ukutani kuficha vinywa vyao.

Ungeweza kukipiga teke kile chungu. Hukuthubutu, na wakati huo nilifikiri kuna kitu ndani yako bado kinaogopa kutenda ubaya. Ulikuwa unamwogopa bibi yako aliye kaburini, basi. Siku moja mvua ilinyesha, ukaingia kujikinga, ukakaa kwenye kigoda changu na kuomba sahani. Nikakupakulia. Ulikula, ukaomba tena, ukasema chumvi imepungua. Ulikaa pale unatafuna kile kilichokuwa kinanilinda dhidi yako, na uso wako ulikuwa mtulivu kabisa. Nadhani dharau yangu ilianza kuota siku hiyo, kwenye ile sahani ya pili.

Kambale alirudi asubuhi moja, baada ya ukungu kuondoka. Kwanza sikumtambua. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu alivishika mkononi, na shingo yake haikuweza kugeuka. Alikaa chini kwenye kizingiti akasema, "Kuko chakula?" Tu hilo. Nami, baba mudogo, sikufikiri. Mke gani angefikiri? Nilikiteremsha chungu, nikampakulia, akala mpaka akakikwangua.

Wewe ulikuwa umesimama uani. Ulingoja amalize, nakupa hilo. Kisha ukasema, "Kambale, uliacha kazi bila permission. Na chungu imetoka motoni."

Alikutazama. Alidhani unatania. Alitabasamu hata, maana ulikuwa baba mkwe wake na ulikuwa na desturi ya kumtania. Mama Katungu akapiga kelele, "Kapita, hauna haya?" Ukasema, "Mimi ninafuata sheria," ukamwita mlinzi atusaidie kutoa vitu. Vitu vyenyewe vilikuwa vile vile tulivyokuja navyo: blanketi, jembe, sufuria. Tulipanda kwenda Butembo kwa miguu, ile miguu yake. Alikuwa akikaa chini kila mahali penye kivuli, na hakukusema vibaya hata mara moja. Mimi nilikusema kwa wote wawili.

Tulilala kwenye veranda ya kanisa la Waprotestanti, sisi Wakatoliki, na hakuna aliyetuuliza tunafanya kazi kwa nani. Baadaye nikaanza kuuza maharagwe, Kambale akajifunza kutengeneza baiskeli, tukapata nyumba ya vyumba viwili pembeni mwa mji. Ulipita sokoni kwangu mwaka mmoja. Ulinisalimia kwa furaha, "Mutoto yangu!", ukaingiza mkono guniani mpaka kiwiko. Nilikuuzia, nikakupunguzia na bei, kwa sababu nilitaka uondoke upesi.

Sasa ni vita nyingine, na ugonjwa umekausha mibuni ya patron mmoja baada ya mwingine, imesimama pale myeusi haina hata jani. Umekufa ukiwa unailinda. Barabara ya Musienene ilikuwa imefungwa siku ile, basi walikuzika palepale, nyuma ya depo. Na kabla matanga hayajaisha, patron alikuwa ametuma kapita mpya, kijana kutoka Beni mwenye adabu nyingi. Alikuja, akavua kofia, akala pamoja na sisi, akamwambia mjane wako: "Mama, pole sana. Lakini nyumba ni ya kapita."

Nilimkuta mama mudogo jikoni akimenya ndizi. Hakuwa analia. Nilitaka kumtuliza, nikasema ndivyo matajiri walivyo, sheria zao hazina macho, hata baba mudogo alizifuata bila kupenda. Unajua, nilikuwa nimekutunzia udhuru huo mdogo miaka yote: kwamba ulikuwa mtumwa wa maneno ya mtu mwingine. Alinitazama huku kisu kikiendelea.

"Ile sheria ya chumba hapana ya patron," akasema. "Bwana yangu ndiye aliitunga, patron amuone mutu wa akili. Patron alicheka tu, akasema, très bien, muzuri sana."

Nilitoka nje nikasimama uani peke yangu. Nakudharau, baba mudogo. Nilikuwa nikidhani ni hasira, na hasira huwa inapoa. Hii haipoi, na wala hainichomi. Nakudharau kwa utulivu ule ule uliokuwa nao ukila maharagwe yangu.

Sikumwomba Kambale kitu. Alifungua kitanda chenu mwenyewe, akafunga mbao kwa kamba, akajitwisha, na shingo yake haijapona vizuri mpaka leo. Mama mudogo alimfuata nyuma na kuku wake wawili. Analala kwetu na watoto. Amekwisha kunigombeza juu ya mahali ninapoweka sufuria, nami nimezihamisha. Akitaka kukaa mpaka afe, atakaa, na asikudanganye mtu huko uliko kwamba ni kwa heshima yako.

Jana kapita mpya ametuma ujumbe. Patron ameamua kung'oa mibuni iliyokufa na kuuza kile kipande cha nyuma ya depo, na kaburi lako limo ndani yake. Kijana anasema kwa adabu kwamba familia ije ikuondoe, maana hapo ni mahali pa wafanyakazi, nawe haupo kazini tena. Katekista alikuja kuuliza nani ataenda kukuchimbua na kukubeba mpaka milimani. Wote wakamtazama Kambale, na yeye, ninavyomjua, alikuwa ameanza kuinuka.

Nikamshika mkono. Nikasema hapana, huyu amebeba vya kutosha.

Lala vizuri, baba mudogo, kadiri watakavyokuruhusu.

Mimi, binti wa kaka yako,
Kavira